Kijana Aliyelala Dirishani

JUMATANO

Soma Matendo 20:7–12. Ni mambo gani anayoyataja Luka yaliyochangia Eutiko kulemewa na usingizi? Kijana alipoanguka, Paulo alifanya nini kwanza?

Wahubiri wengi wamekitumia kisa hiki kuwakemea wanaosinzia kanisani. Luka mwenyewe hamkemei mtu. Anaeleza kwamba taa zilikuwa nyingi pale ghorofani na hotuba ilifika usiku wa manane. Paulo alikatiza mahubiri, akashuka, akamkumbatia kijana. Neno la lawama halimo. (Baadaye aliendelea kuzungumza hadi alfajiri, Paulo hakuwa mtu wa kufupisha!)

Nyumba nyingi za Waadventista zina Eutiko wao. Kesha la Asubuhi linasomwa saa 11 alfajiri, na binti wa miaka 15 anasinzia kwenye kochi. Baba anamtajia Mithali 6:9–11. Mama anasema mtoto amelala saa 5 usiku kwa sababu ya kazi za shule, aachwe. Baba anajibu kwamba yeye katika umri huo saa hizi alikuwa ameshachota maji na kukamua ng’ombe. Binti ananyamaza, lakini moyoni anaanza kuihesabu ibada kuwa adhabu. Hasara hiyo ni kubwa kuliko ya kukosa fungu moja la asubuhi.

Ukweli uko wapi? Muumba ameweka saa ndani ya miili yetu, na wakati wa balehe saa hiyo husogea mbele. Melatonini, homoni inayoutayarisha mwili kulala, huanza kutolewa kwa kuchelewa, pengine hata kwa saa 2 kuliko ilivyokuwa utotoni. Kijana anayesema saa 3 usiku kwamba hana usingizi huenda anasema kweli. Hata hivyo anahitaji kulala kuliko wazazi wake: mwaka 2016 madaktari wa usingizi nchini Marekani walipendekeza saa 8 hadi 10 kwa wenye miaka 13 hadi 18. Binti yetu anapata saa 6. Kwa siku 5 za shule amepungukiwa na angalau saa 10, yaani usiku mzima, na deni hilo hulileta kanisani siku ya Sabato.

Jimbo la California lilipitisha sheria, inayotumika tangu 2022, kwamba shule za sekondari za juu zisianze kabla ya saa 2:30 asubuhi. Nchini Kenya, kanuni za elimu ya msingi za 2015 zinataja saa 2 asubuhi kwa shule za kutwa, ingawa watoto wengi bado hupanda basi gizani.

Lakini baba naye ana hoja. Simu iliyofichwa chini ya mto haina uhusiano na balehe. Mwanga wake huuchelewesha usingizi zaidi. Na uvivu upo. Ila mvivu wa Mithali ni yule anayekwepa kazi, si aliyefanya kazi hadi usiku.

Soma Marko 1:35, 36. 6:31 na 1 Wafalme 19:4–8. Yesu aliamka alfajiri kuomba, lakini Marko hasemi kwamba aliwaamsha wanafunzi. Malaika naye alimlisha Eliya, kisha akamwacha alale tena.

Familia yenye kijana wa namna hii inaweza kuifanya ibada ya jioni, saa 1 usiku, kuwa ndiyo kuu, na asubuhi ikawa sala fupi. Simu zote, ya baba ikiwemo, zibaki sebuleni kuanzia saa 3.

Jadilini: Kijana katika darasa lenu la Shule ya Sabato husinzia kila juma. Kabla ya kumwita mbele ya wazee, mngemuuliza nini yeye, na mngewauliza nini wazazi wake? Waefeso 6:4 inawabana wapi?