Mwanafunzi Mmoja Akitoroka Kodi, Nani Hulipa?

Vijana wengi wa Muyinga wanaokwenda Gitega kusoma hukodi nyumba kwa pamoja, watatu au wanne, ili kupunguza gharama. Mambo huenda sawa mpaka mmoja wao anapofunga begi usiku na kuondoka. Hapo mwenye nyumba huwageukia waliobaki, waliobaki hukana deni, na wote hukimbilia kituo cha polisi.

Ijulikane kwanza kwamba deni la kodi ni jambo la madai, si la jinai. Polisi haikusanyi kodi, wala haimweki mtu rumande kwa sababu tu ameshindwa kulipa. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, ambao Burundi ilijiunga nao mwaka 1990, unakataza kumfunga mtu kwa kushindwa tu kutimiza mkataba.

Tuchukue mfano. Nyumba ni faranga 120,000 kwa mwezi, na wanafunzi wanne wanachangia 30,000 kila mmoja. Wa nne ametoroka baada ya miezi mitatu bila kutoa senti. Hizo 90,000 zinadaiwa kwa nani?

Tazameni sahihi. Ikiwa mmoja peke yake ndiye aliyetia sahihi, mwenye nyumba atamdai huyo deni lote. Wenzake ni watu aliowakaribisha yeye, na ni juu yake kuwadai. Ikiwa wote wanne walitia sahihi, Kitabu cha Tatu cha Kanuni ya Sheria za Kiraia, chenye asili katika amri ya tarehe 30 Julai 1888, kinasema kuwa mshikamano wa wadaiwa haukisiwi. Sharti uandikwe waziwazi. Mkataba ukinyamaza, kila mtu hubeba fungu lake, na mwenye nyumba atamfuata mtoro huko alikokwenda.

Lakini mkataba ukiwa na neno la Kifaransa *solidairement*, yaani kwa mshikamano, mambo hugeuka. Mwenye nyumba anaweza kumchagua yeyote kati ya wanne na kumdai 90,000 zote, na kwa kawaida atamchagua yule ambaye baba yake ana duka sokoni. Aliyelipa ana haki ya kumdai mtoro, kama atampata. Neno hilo hukaa katikati ya sentensi ndefu, na kijana mwenye haraka ya kupata ufunguo hutia sahihi bila kuuliza maana yake.

Sasa, kwa familia zinazoishi karibu na mpaka: ukivuka Kobero ukaingia Kabanga, wilayani Ngara, kanuni ni kinyume. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, iliyofuata mfano wa sheria ya India ya mwaka 1872, inamruhusu mdai kumtaka yeyote kati ya walioahidi kwa pamoja atimize ahadi nzima, isipokuwa kama mkataba umesema vingine. Ukimya unaomlinda mpangaji Gitega unamfunga mpangaji Ngara. Mzazi anayempeleka mtoto kusoma ng'ambo asidhani kwamba karatasi ileile ina uzito uleule.

Mgogoro ukizuka, anzeni kwa baraza la wazee wa kilima au mtaa, lililorejeshwa kwa sheria ya mwaka 2021. Likishindwa, nendeni Tribunal de Résidence, mahakama ya ngazi ya kwanza. Chukueni mkataba, risiti na ujumbe wa malipo ya Lumicash. Maneno matupu hayatoshi.

Hata hivyo, yapo yanayotuhusu sisi polisi. Mwanafunzi aliyekusanya michango ya wenzake ili aifikishe kwa mwenye nyumba, kisha akaila, anaweza kushtakiwa kwa uvunjaji wa uaminifu, ambao ni kosa la jinai. Naye mwenye nyumba hana ruhusa ya kubadili kufuli na kujichukulia magodoro na vitabu bila amri ya mahakama. Vitisho na vipigo havihitaji maelezo.

Kuna pia tabia ya kushika kitambulisho cha mpangaji kama rehani. Kitambulisho si rehani. Kijana wa Muyinga asiye nacho atakwama njiani kabla hajafika kwao, na Kobero hatavuka hata kama shangazi yake amefiwa upande wa pili. Aliyenyang'anywa aje kituoni siku hiyohiyo, asisubiri mpaka deni limalizike.