Kabla Hujapanda Meli, Ingia Majini

Mdogo wangu wa Tanga, barua yako nimeisoma mara mbili. Unasema wakala amekuahidi cheti cha mafunzo ya msingi ya usalama ndani ya siku mbili, bila kukanyaga darasani, ili uwahi meli ya mizigo inayokwenda Ghuba. Usikichukue.

Wakaguzi wa bandari wakikibaini, meli inaweza kuzuiwa nawe ukateremshwa. Lakini hilo silo linaloniondolea usingizi.

Mkataba wa kimataifa wa mafunzo na vyeti vya mabaharia, STCW, wa 1978, uliofanyiwa marekebisho makubwa Manila mwaka 2010, unamtaka baharia ajue kujiokoa majini, kuzima moto, huduma ya kwanza, na kujilinda yeye na wenzake kazini. Kujiokoa na kuzima moto inakubidi uthibitishe upya kila miaka 5, maana mwili husahau. Bwawani utavaa jaketi la kujiokolea, utaruka kutoka juu, kisha utaikuta rafti ya kujiokolea imepinduka. Utapanda upande wenye mtungi wa gesi, ushike mkanda wa chini, ujitupe kinyumenyume hadi igeuke. Itakufunika. Hapo ndipo unapojifunza kulala chali na kujivuta utoke nje bila kupapatika. Karatasi ya wakala itakufundishaje hilo?

Na kuna matangi ya meli, mdogo wangu. Tangi lililofungwa muda mrefu hukosa hewa, kwa sababu kutu inapokula chuma hula na oksijeni. Sisi tunavuta hewa yenye oksijeni karibu asilimia 21. Mle inaweza kupungua hadi mtu akaanguka bila kusikia harufu yoyote. Mwenzio akianguka, moyo utakutuma umfuate. Usishuke! Piga king'ora, ita watu, waje wenye mitungi ya hewa. Mara nyingi maiti ya pili ni ya aliyekimbilia kuokoa. Sasa jiweke wewe mle chini, na aliyesimama mlangoni kukulinda amenunua cheti kama hicho chako.

Huyo wakala umesema anataka pia ada ya kukutafutia kazi. Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa 2006 unakataza baharia kutozwa ada hiyo. Pasipoti, kitabu cha baharia na cheti cha afya unaweza kujilipia. Nafasi ya kazi hainunuliwi.

Nenda Chuo cha Bahari Dar es Salaam, DMI, ukaulize kozi inaanza lini. (Wa Mombasa, ninyi mna Bandari Maritime Academy.) Meli hiyo ikiondoka, iache iondoke. Na kama kuogelea kunakusumbua, usione haya kwa kuwa umezaliwa pwani: tafuta mtu akufundishe, uanze wiki hii.

Ukimaliza kozi niandikie tena, uniambie rafti uliigeuza mara ya ngapi.