Sokwe Hawajui Mpaka: Somo la Ushirikiano kutoka Virunga

Lengo la somo: Kuona jinsi mali ya pamoja inavyoweza kuwakutanisha waliofarakana, na kwa nini ushirikiano huo haukamiliki jirani maskini akisahaulika.

1. Mali moja, wenyewe watatu

Milima ya volkano ya Virunga iko pale zinapokutana Kongo, Rwanda na Uganda. Humo wanaishi sokwe wa milimani, wale wakubwa waitwao gorila. Kila nchi ina hifadhi yake, lakini familia ya sokwe yaweza kula leo Uganda na kesho ikalala Rwanda. Nchi moja ikilegea, jasho la zile mbili linapotea.

2. Walianza na kazi ndogo

Kuanzia mwaka 1991, mpango wa pamoja uliwakutanisha wakuu wa hifadhi hizo. Walipeana habari za majangili, wakafanya doria pamoja na kuondoa mitego ya waya, ambayo hutegewa paa lakini hunasa hata sokwe.

Kisha vikaja vita vya Kongo vya 1998 hadi 2003. Majeshi ya Rwanda na Uganda, yaliyoingia kama washirika, yalipigana yenyewe kwa yenyewe mjini Kisangani mwaka 1999 na 2000. Hata hivyo, mwaka 2003 watumishi wa nchi zote tatu waliingia msituni kuhesabu sokwe kwa pamoja. Mwaka 1989 walikuwa 324. Safari hii walipatikana 380. Hesabu ya 2010 ilitoa 480, na ile ya 2015 na 2016 ilitoa 604. Mwaka 2015 nchi hizo zilitia saini mkataba wa ushirikiano.

3. Jirani anapata nini?

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Uganda hutenga asilimia 20 ya viingilio vya hifadhi kwa ajili ya vijiji jirani. Rwanda ilianza mwaka 2005 na asilimia 5 ya mapato ya utalii wa hifadhi, ikapandisha hadi 10 mwaka 2017. Fedha hizo zimejenga madarasa, zahanati na matangi ya maji. Kule Bwindi, Uganda, wanakijiji wa kujitolea huwarudisha sokwe msituni wanapoingia kwenye migomba.

Lakini Wabatwa, waliokuwa wakiishi kwa kutegemea misitu ya Bwindi na Mgahinga, waliondolewa ilipofanywa hifadhi za taifa mwaka 1991. Wengi hawakulipwa fidia na hawana ardhi hadi leo. Mgeni amekuja, ila mwenyeji wa kwanza hajapona.

4. Gharama yake

Uhifadhi haukumaliza vita. Zaidi ya walinzi 200 wa Hifadhi ya Virunga wameuawa kazini. Mwezi Aprili 2020 waliuawa 12 kwa siku moja. Mwaka 2025 waasi wa M23 waliuteka mji wa Goma. Kazi ya pamoja huacha mlango wazi kati ya majirani. Kuleta amani ni jukumu la wenye mamlaka.

Maswali ya kujadili

1. Ni mali gani tunayoitumia pamoja na jirani tusiyeelewana naye: chemchemi, msitu au malisho?
2. Ni kazi gani ndogo tunaweza kuanza naye robo hii?
3. Katika mradi wetu, nani amebeba hasara bila kuonja faida? Je, ana kiti katika kamati?