Vumbi la Atomiki, Ng'ombe na Maziwa ya Mtoto

Ndugu mkulima, wewe unayekamua kila asubuhi unajua kwamba anachokula ng'ombe huonekana katika maziwa. Akila majani yenye harufu kali, maziwa nayo hunuka. Shika jambo hilo, maana ndilo msingi wa somo letu.

Kati ya mwaka 1951 na 1962, Marekani ilijaribu mabomu ya atomiki hewani katika jangwa la Nevada. Upepo ulichukua vumbi la mabomu hayo, na mvua ikaliangusha juu ya malisho ya mbali. Ndani ya vumbi mlikuwa na iodini yenye mionzi. Ng'ombe walikula majani, na watoto wakanywa maziwa. Wenye ng'ombe wengi hawakuonywa.

KWA NINI MTOTO?

Mbele ya shingo kuna tezi, ile ambayo ikivimba tunaita rovu. Kazi yake inahitaji iodini, nayo haibagui iodini njema na ile yenye mionzi. Tezi ya mtu mzima ina uzito wa gramu 20 hivi. Ya mtoto wa mwaka mmoja ni gramu 2 hivi. Debe moja la mbolea likimwagwa katika tuta moja, si sawa na kuligawa katika matuta kumi. Hivyo kikombe kimoja cha maziwa hayo humpa mtoto wa mwaka mmoja mionzi ya tezi kama mara 8 kuliko mtu mzima. Mionzi ikizidi, saratani ya tezi yaweza kutokea, pengine baada ya miaka mingi.

HESABU YENYEWE

Shingo za watoto wale hazikupimwa wakati ule. Wataalamu walifanyaje? Waliifuata njia ya iodini hatua kwa hatua:

1. Vumbi kiasi gani lilianguka? Walitumia karatasi zenye gundi zilizonasa vumbi katika vituo mbalimbali, pamoja na kumbukumbu za mvua.

2. Ng'ombe alikula nini? Aliyekuwa malishoni alipata iodini nyingi; aliyelishwa majani makavu ya zamani alipata kidogo.

3. Maziwa yalikaa siku ngapi? Kila siku 8 nusu ya iodini hiyo huisha. Zikiwa sehemu 800 leo, baada ya siku 8 ni 400, baada ya siku 16 ni 200. Kwa hiyo maziwa ya unga yaliyokaa miezi mitatu hayakuwa na hatari hiyo.

4. Mtoto alikunywa kiasi gani, akiwa na umri gani? Na yalikuwa ya ng'ombe au ya mbuzi? Maziwa ya mbuzi hubeba iodini zaidi.

Mwaka 1997 Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani ilitoa majibu. Wastani wa watu wote ulikuwa karibu miligrei 20 katika tezi (grei ni kipimo cha mionzi iliyoingia mwilini). Watoto wa miezi 3 hadi miaka 5 walipata kama mara 3 hadi 7 ya wastani huo. Baadhi ya sehemu zilizopata zaidi zilikuwa Idaho na Montana, mamia ya maili kutoka Nevada.

MAZIWA YALIPOZUIWA

Huko Windscale, Uingereza, tanuru la atomiki liliwaka moto Oktoba 1957. Siku chache baadaye maziwa ya eneo la kilomita za mraba 500 hivi yalizuiwa na kumwagwa. Wakulima walilipwa fidia, na watoto wakaepushwa na sehemu kubwa ya mionzi.

Somo hili lisimfanye mtu kumnyima mtoto maziwa. Ni chakula bora. Lakini andika katika daftari: ng'ombe gani, amelishwa wapi, lita ngapi zimebaki nyumbani. Huko Marekani hesabu ya kila mtoto ilitegemea habari kama hizo, na mara nyingi ilibidi zikisiwe kwa sababu hakuna aliyeziandika.

MASWALI

1. Maziwa yenye sehemu 800 yatabaki na ngapi baada ya siku 24?
2. Watoto wawili wa rika moja wanakunywa kiasi kilekile, mmoja maziwa ya ng'ombe wa malishoni, mwingine ya ng'ombe wa majani makavu. Nani amepata mionzi zaidi, na kwa nini?