Ukimkuta Kobe Boksi Barabarani

Kuanzia mwezi Mei hadi Julai, kobe boksi jike wa mashariki mwa Marekani hutoka vichakani kutafuta udongo laini unaopigwa na jua ili atage. Huko aendako mara nyingi barabara imepita katikati. Utamtambua kwa gamba lililoinuka kama bakuli lililofunikwa, lenye urefu wa sentimita 15 hivi, lililochorwa kwa manjano au rangi ya chungwa.

Usimchukue. Ikiwa ni salama kwako kusimama, mshike gamba kwa mikono miwili, umvushe hadi upande aliokuwa akielekea, umwache mita chache nje ya lami. Ukimrudisha alikotoka ataingia barabarani tena. Akiwa amejeruhiwa, mweke ndani ya boksi lenye matundu, umpeleke kwa watu wanaotibu wanyamapori, na uandike mahali hasa ulipomwokota. Hata gamba lililopasuka huweza kutibika.

Mahali hapo ndipo penye uzito wote. Kobe huyu huishi miaka mingi ndani ya eneo ambalo upana wake mara nyingi hauzidi mita mia chache. Analijua: uyoga unaota wapi, tope la kujipoza liko wapi, ajifukie wapi baridi ikianza. Anayempeleka kwenye msitu “mzuri zaidi” ulio mbali hudhani anamsaidia, lakini kobe hutangatanga akitafuta kwao, huvuka barabara nyingine, na wengi hufia njiani.

Gamba la tumboni lina bawaba. Adui akimkaribia, kobe huingiza kichwa na miguu, kisha hujifunga kabisa. Mbweha hushindwa, tairi la gari halishindwi. Na pengo lake halizibiki upesi, kwani jike hukawia miaka 7 hadi 10 kabla ya kuanza kutaga, hutaga mayai machache, na mengi huliwa na wanyama wengine. Aliyekomaa anaweza kufikisha miaka 50 na zaidi, kwa hiyo kumwondoa jike mmoja ni kuondoa miongo ya mayai. Ndiyo maana simshauri mtu yeyote anunue kobe aliyekamatwa porini. Majimbo mengi yana sheria juu ya jambo hili, na hazifanani. Ulizia za kwako.

Kama tayari unaye kihalali, mjengee ua wa nje wenye kivuli, udongo wenye unyevu anaoweza kujifukia, na sinia la maji yenye kina kifupi. Akikaa ndani anahitaji taa ya UVB, kwa kuwa kioo cha dirisha huzuia miale hiyo ya jua. Mpe minyoo, konokono, uyoga wa dukani, matunda na mboga za majani. Kobe anayelishwa saladi tupu hupungukiwa vitamini A, macho yakavimba na uvimbe ukatokea masikioni. Hapo anahitaji daktari wa wanyama anayewajua reptilia.

Nawa mikono kwa sabuni kila ukimgusa, maana kobe mwenye afya njema huweza kubeba salmonela. Kwa sababu ya maambukizi kwa watoto, Marekani ilipiga marufuku mwaka 1975 kuuza kobe wadogo wenye gamba lisilofika sentimita 10.

Ukishindwa kumtunza, usimwachie porini: anaweza kuwapelekea wenzake magonjwa. Mtafutie kituo kinachopokea reptilia.