Sheria ni Msumeno, Kalenda ni ya Nani? Somo Kutoka Thailand



Ndugu zangu wanafunzi, katika darsa letu la muhula huu tumesoma juu ya uadilifu, na tumeirudia mara kadhaa ile Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, ya mwanamke wa ukoo wa Makhzum aliyeiba. Watu wake walimtafuta Usama bin Zayd (r.a.) amwombee. Mtume (s.a.w.) alikasirika, akawaeleza watu kwamba waliowatangulia waliangamia kwa sababu mwenye hadhi akiiba walimwacha, na mnyonge akiiba walimwadhibu.

Baada ya darsa ndugu mmoja aliuliza swali zuri. Siku hizi karibu kila katiba inasema watu ni sawa mbele ya sheria. Basi upendeleo unapita wapi? Mimi nasoma sheria, na nimechagua kumjibu kwa mfano wa Thailand. Nchi hiyo ina mahakama zinazofanya kazi na kesi zake zinafuatiliwa na ulimwengu, kwa hiyo tunaweza kuona hatua kwa hatua kilichotokea. Tena, miongoni mwa waliokosa haki huko wamo Waislamu wenzetu. Jibu langu ni hili: mara nyingi upendeleo haupiti katika maneno ya sheria. Unapita katika muda.

1. Wakubwa na wadogo

Kwa Kithai mtu mwenye hadhi huitwa phu yai, yaani mtu mkubwa, na wa chini huitwa phu noi, mtu mdogo. Mgawanyo huu una mizizi mirefu. Katika ufalme wa zamani wa Siam kila mtu alikuwa na namba ya cheo iliyoitwa sakdina. Mtumwa alihesabiwa 5, raia wa kawaida hadi 25, na waziri mkubwa 10,000. Namba hizo zilitumika hata katika kukadiria faini na fidia.

Utumwa ulifutwa mwaka 1905, na tarehe 24 Juni 1932 utawala wa mfalme asiye na mipaka ukaondolewa. Namba zimetoweka, lakini mazoea hayakutoweka nazo. Tangu 1932 jeshi limepindua serikali zaidi ya mara 10, na waliopindua wamejitungia kinga ya kutoshtakiwa. Ndiyo maana Wathai wa kawaida wana msemo kwamba jela ipo kwa ajili ya kuwafungia maskini.

2. Ukomo wa mashtaka hufanyaje kazi?

Nchi nyingi zina kanuni ya ukomo: muda fulani ukipita, mtu hawezi tena kushtakiwa. Kanuni hii ina hekima yake. Mashahidi hufa, ushahidi hupotea, na si haki mtu aishi na tishio la kesi maisha yake yote.

Thailand, makosa makubwa kabisa yana ukomo wa miaka 20, na madogo yana muda mfupi zaidi. Jambo la kuzingatia ni kwamba kufungua kesi peke yake hakutoshi. Mshtakiwa lazima afikishwe mahakamani kabla muda haujaisha. Akitoroka, kwa makosa ya kawaida saa inaendelea kuhesabu.

Sasa fikiria nani anaweza kutoroka miaka 10 au 20. Ni yule mwenye pasipoti, akiba, nyumba nje ya nchi na mawakili wa kumwombea udhuru. Maskini asiyeweza hata dhamana hungojea kesi yake akiwa rumande. Sheria ni ile ile kwa wote wawili, lakini siku zinazopita humfaa mmoja na kumwumiza mwingine.

3. Gari la barabara ya Sukhumvit

Alfajiri ya tarehe 3 Septemba 2012, mjini Bangkok, gari aina ya Ferrari lilimgonga askari polisi aliyekuwa kazini juu ya pikipiki, naye akafariki. Anayetuhumiwa kuliendesha ni mjukuu wa mwanzilishi mwenza wa kinywaji cha Red Bull, mmoja wa familia tajiri kabisa nchini humo.

Aliitwa mara nyingi na hakufika. Mawakili walisema anaumwa, au yuko nje kwa kazi. Shtaka la mwendo kasi likafa kwa ukomo. Mwaka 2017 aliondoka nchini, na mwaka huo huo shtaka la kukimbia bila kumsaidia aliyegongwa nalo likafa. Julai 2020 waendesha mashtaka walitangaza kufuta kesi iliyobaki, wakitegemea ushahidi mpya wa mwendo wa gari. Hesabu ya awali ilikuwa kilomita 177 kwa saa. Hesabu mpya ikashuka chini ya 80.

Wananchi walikasirika mno. Serikali ikaunda kamati ya uchunguzi, nayo ikaona dalili za njama ya kumsaidia mtuhumiwa. Hati mpya ya kumkamata ikatolewa. Aprili 2025 mahakama iliwafunga waendesha mashtaka wawili wa zamani kwa sababu ya jambo hili, ingawa washtakiwa wengine waliachiwa. Shtaka la kusababisha kifo kwa uzembe lina ukomo wa miaka 15, yaani Septemba 2027.

4. Tak Bai

Mikoa ya Pattani, Yala na Narathiwat, kusini kabisa, ina wakazi wengi Waislamu wenye asili ya Kimalay. Tarehe 25 Oktoba 2004, ndani ya Ramadhani, watu walikusanyika mbele ya kituo cha polisi cha Tak Bai, mkoani Narathiwat, wakidai wanaume sita waliokuwa wamezuiliwa waachiwe. Askari walifyatua risasi na watu 7 wakafa. Mamia ya wengine walifungwa mikono nyuma, wakalazwa tabaka juu ya tabaka ndani ya malori ya jeshi, na kusafirishwa kwa saa kadhaa hadi kambi iliyoko Pattani. Malori yalipofunguliwa, 78 walikuwa wamekufa. Jumla ni watu 85, nao walikuwa wamefunga.

Mwaka 2009 mahakama ilisema wale wa kwenye malori walikufa kwa kukosa hewa, na kwamba maafisa walikuwa wakitekeleza wajibu wao. Mwaka 2012 serikali ililipa fidia. Lakini familia zilitaka pia watu wajibu mahakamani. Agosti 2024, miezi miwili tu kabla ya miaka 20 kutimia, mahakama ya Narathiwat ilikubali kesi waliyoifungua wenyewe dhidi ya maafisa saba wa zamani. Mmoja wao alikuwa mbunge wa chama tawala. Hakuna hata mmoja aliyefika mahakamani. Usiku wa tarehe 25 Oktoba 2024 kesi ikafa. Hakuna hakimu aliyesema hawana hatia. Kalenda ndiyo iliyowaachia.

5. Je, kuna matumaini?

Naam, yapo, na si ya kubahatisha.

Kwanza, yapo katika sheria zenyewe. Machi 2004 wakili Mwislamu Somchai Neelapaijit, aliyekuwa akiwatetea watuhumiwa wa kusini waliolalamika kuteswa na polisi, alitekwa mjini Bangkok na hajaonekana tena. Wakati huo kosa la kumpoteza mtu halikuwamo katika sheria, kwa hiyo polisi walishtakiwa kwa wizi wa nguvu na kulazimisha, na mwishowe Mahakama ya Juu ikawaachia mwaka 2015. Mkewe, Angkhana, hakunyamaza. Yeye na wanaharakati wengine walidai kwa miaka mingi, hadi mwaka 2022 ikapitishwa sheria dhidi ya utesaji na upotezaji wa watu. Vilevile, sheria ya kupambana na rushwa ya mwaka 2018 inasimamisha saa ya ukomo mshtakiwa anapotoroka. Kama saa inaweza kusimama kwa rushwa, inaweza kusimama kwa roho za watu.

Pili, hata wakubwa wameanza kuguswa. Thaksin Shinawatra, aliyekuwa waziri mkuu wakati wa Tak Bai, alirudi nchini mwaka 2023 baada ya miaka mingi uhamishoni. Kifungo chake kwa makosa ya matumizi mabaya ya madaraka kilipunguzwa kutoka miaka 8 hadi mmoja, naye akakaa hospitali ya polisi badala ya gerezani. Septemba 2025 Mahakama ya Juu ilisema muda ule wa hospitali hauhesabiki, ikamwamuru akatumikie mwaka wake jela.

Hata hivyo tusijidanganye. Chama cha Move Forward, kilichobebwa na vijana, kilipata viti vingi kuliko vyama vyote katika uchaguzi wa 2023, lakini maseneta walioteuliwa chini ya utawala wa kijeshi walimzuia kiongozi wake kuwa waziri mkuu, na Agosti 2024 chama kikavunjwa na mahakama. Mlango wa mabadiliko unafunguka kidogo, kisha unasukumwa tena.

6. Tunachojifunza

Aya ya 135 ya Surat An-Nisaa inatuamrisha tusimamishe uadilifu hata dhidi ya nafsi zetu, wazazi na jamaa, awe mtu tajiri au maskini. Kusimamisha ni kazi yenye muda wake. Wahenga walisema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Tak Bai inatuongezea kwamba mpeni mapema. Wengi wetu tutakuwa mawakili, makarani wa mahakama, madaktari wa kuandika vyeti vya ugonjwa, wahandisi wa kupima mwendo wa gari. Upendeleo hauhitaji hakimu mwovu. Unahitaji faili lililowekwa kando na mtu aliyekubali kuliweka.

Maswali ya kujadili katika darsa:

(a) Sheria za nchi yetu zinasemaje juu ya ukomo wa mashtaka, na juu ya mshtakiwa anayetoroka?
(b) Je, fidia ya fedha inatosha bila mtu yeyote kujibu mahakamani?
(c) Katika fani unayosomea, ni wapi kuchelewesha jambo kunaweza kumsaidia mkubwa na kumwumiza mnyonge?

Wallahu a'alam. Tunamwomba Allah awarehemu waliokufa kwa dhuluma, na atujaalie tuwe miongoni mwa wasimamizi wa haki. Amin.