Kauli ya Kutendeka: Chai Imemwagika

Linganisha "Chai imemwagwa" na "Chai imemwagika". Sentensi ya kwanza humdokeza mtenda hata asipotajwa. Ya pili hueleza hali tu. Kwa hiyo "Kikombe kimevunjika na mtoto" si sanifu: ama kimevunjwa na mtoto, ama kimevunjika. Mwanafunzi wa Kampala anayezungumza Kiganda anaijua tofauti hii tayari, kwani *okwasa* (kuvunja) huzaa *okwatika* (kuvunjika). Mwalimu na aanzie hapo.

Kauli hii huonyesha pia uwezekano. Chai iliyotiwa chumvi badala ya sukari hainyweki.

Zoezi: Mtoto aliyelipiga birika kikumbo husema, "Chai imemwagika." Mama huuliza, "Imemwagwa na nani?" Eleza kwa nini kila mmoja amechagua kauli yake.